Ulevi: Maasi au Maradhi?



Mwishoni mwa mwezi wa Shaabani, mwaka 2022, katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha, tulikuwa tumefikia mlango wa vinywaji katika fiqhi ya Imamu Shafi. Tulipokwisha kueleza hukumu za khamri, mzee mmoja aliyetoka pande za Msambweni alinyanyua mkono akasema: "Maalim, mimi nina kijana wangu, analewa. Nyinyi hapa mwasema ni muasi. Dada yake aliyesoma aniambia ni mgonjwa. Sasa mimi nimshike vipi? Nimfukuze kama muasi au nimuuguze kama mgonjwa?"

Swali lile lilikuwa kubwa kuliko jibu tulilolitoa. Tulimwambia: "Mzee wetu, ulevi ni maasi, na dawa ya maasi ni toba. Ramadhani hiyo yaingia. Mtie chumbani, mfungie mlango, asitoke wala asione tembo. Kwa siku tatu nne litakuwa limemtoka, naye atafunga pamoja na wenziwe." Wanadarsa wakaitikia, na mzee akaenda zake ameridhika.

Kijana mwenyewe alikuwa mtumishi katika hoteli za Diani mpaka zilipofungwa mwaka 2020 kwa ajili ya korona. Akarejea kwao, na kwa kukosa la kufanya akawa hushinda mangweni. Kufikia wakati ule tuliposema naye mzee, kijana alikuwa haamki illa mikono yatetemeka; hawezi kushika kikombe cha chai mpaka apate tembo la alfajiri. Alasiri hunywa tena, na siku akipata kibarua hununua chang'aa. Baba yake akafanya kama tulivyomwagiza. Siku ya kwanza kijana alitapika na kutokwa na jasho. Usiku wa pili alianguka kifafa, naye hajapata kuwa na kifafa tangu kuzaliwa kwake. Siku ya tatu hakumjua mama yake. Akawa ajipangusa siafu mwilini na siafu hakuna, na asema na watu wasiokuwapo. Majirani wakasema ni pepo. Akaletwa mganga na ubani wake na kuku wake. Dada mtu ndiye aliyekwenda barabarani akasimamisha gari, akampeleka nduguye hospitali.

Tulipokwenda kumzuru, daktari alitwambia kuwa hali ile huua, na kwamba lau angecheleweshwa kidogo tena pengine tungekwenda kumzika. Kisha akauliza: "Ni nani aliyewashauri kumkatia ghafula?" Mzee alinyamaza kwa kutusitiri. Ilitubidi tuseme wenyewe kuwa ni sisi.

Tangu siku ile tumejilazimisha kuyasoma mambo haya kwa wenyewe wayajuao, na somo hili twaliandika ili kulitengeneza jibu letu lile. Wako wengi katika Kwale, kuanzia Tiwi na Ukunda mpaka Lunga Lunga, ambao swali la mzee yule ni swali lao, ingawa hawajainua mkono. Uchunguzi wa NACADA wa mwaka 2022 ulisema kuwa katika Kenya mtu 1 katika kila 8 wa umri wa miaka 15 hata 65 hunywa ulevi, na kwamba mtu 1 katika kila 20 ameshikwa na uraibu wake. Neno hili uraibu wazee wetu walilitumia kwa tambuu, kitu cha kustarehea mdomoni baada ya chakula. Leo limechukua mzigo mwingine kabisa.

Kabla ya yote, hukumu haikubadilika wala haitabadilika. Khamri ni haramu, na kila kileweshacho ni khamri, kiwe cha chupa au cha kibuyu. Watu wa pwani yetu hupenda kutuuliza juu ya tembo la mnazi, kana kwamba kwa kuwa mnazi ni mti wetu tembo lake nalo litakuwa na udugu nasi. Jawabu ni kuwa maji yatokayo kararani yakiwa matamu hayajachacha ni halali, na yakigeuka yenyewe kuwa siki ni halali. Yaliyo baina ya hayo mawili ndiyo yaliyo haramu. Na ajuaye kazi ya mgema ajua kuwa huo utamu ni wa muda mchache mno, kwani kibuyu kile kile cha jana kina chachu yake ndani.

Lakini twende katika jambo ambalo tulilisahau usiku ule. Imamu Muslim amepokea kwamba sahaba mmoja, Tariq bin Suwayd, alimwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya khamri akakatazwa, akasema yeye huifanya kuwa dawa, Mtume akamjibu kuwa hiyo si dawa bali ni maradhi. Tumeisoma hadithi hii mara nyingi kwa ajili ya kuonyesha kuwa haifai kujitibu kwa khamri, na hilo ni kweli. Lakini neno maradhi tulilipita tu. Kitu kimoja kimeitwa katika sharia uchafu na kazi ya shetani, na pia kikaitwa maradhi, na wanavyuoni hawakuona mgongano. Sisi ndio tuliomlazimisha mzee wa watu achague baina ya majina mawili ambayo dini yake haikumlazimisha kuchagua.

Katika Nchi za Magharibi vita vya majina haya vimechukua zaidi ya miaka 200. Zamani makanisa yao na vyama vyao vya kupinga ulevi walisema mlevi ni mwovu, basi. Mwaka 1784 daktari Benjamin Rush wa Philadelphia aliandika kuwa ulevi wa kudumu una njia ya maradhi. Mwaka 1849 Magnus Huss wa Sweden akaupa jina la kitabibu. Mwaka 1956 chama kikuu cha madaktari wa Marekani kikautangaza kuwa ugonjwa. Na mwaka 1960 E. M. Jellinek akatoa kitabu kizima juu ya rai hiyo. Ni vyema ijulikane kuwa Jellinek mwenyewe hakusema kila anywaye ni mgonjwa. Aliwagawanya walevi mafungu matano, akasema baadhi yao tu ndio walioingia katika maradhi: wale waliopoteza uwezo wa kusimama wakianza, na wale wasioweza kukaa siku moja bila ya kunywa. Hivi leo madaktari wa akili hawapigi mstari mmoja wa huyu mgonjwa na yule mzima. Tangu mwaka 2013 wenziwao wa Marekani huhesabu alama 11, mathalan kutamani kwa nguvu, kushindwa kupunguza, kuacha kazi na jamaa, na kutetemeka akikosa. Mwenye alama 2 au 3 uraibu wake ni hafifu, wa 4 au 5 ni wa kati, na wa 6 na zaidi ni mkali. Kijana wetu tungemhesabia hata 9.

Sasa tueleze lililomwangusha kifafa, kwani asiyelijua hili ataua mtu naye adhani amtengeneza. Wanamaji wa Gazi na Shimoni watatufahamu upesi. Ngalawa ikienda kwa upepo mkali, mabaharia hukaa upande wa joshini kusawazisha uzito, na chombo hukaa sawa. Upepo ukikatika ghafula hali wao wako pale pale, chombo hulalia upande wao, na huenda kikajaa maji. Pombe huutuliza ubongo na kuulaza. Anywaye kila siku kwa miaka, ubongo wake hujiegemeza upande wa pili kwa nguvu zake zote ili usilale kabisa. Ukimwondolea pombe kwa siku moja, nguvu ile ya kuegemea bado ipo, na haina tena cha kupingana nacho. Hapo ndipo zitokapo tetemeko, jasho na kutapika katika siku ya kwanza. Kifafa katika siku mbili za kwanza. Na kupotewa na akili, kuona visivyokuwapo na homa, baina ya siku ya pili na ya nne. Vijana wa maskani huita arosto. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kuwa arosto ya heroini, pamoja na ukali wake wote, ni mara chache kuua mtu mwenye afya, lakini arosto ya pombe huua.

Basi pepo hakuwapo. Na lau mganga yule angemaliza kazi yake, pepo angesifiwa kwa kuua.

Dawa ya siku hizo iko hospitalini nayo ni nyepesi: daktari humpa diazepamu au mfano wake kwa vipimo vinavyopungua siku hata siku, mpaka ubongo urudi mahali pake polepole, na humpa vitamini B1, iitwayo thiamini, kwani mlevi wa miaka huishiwa nayo, na upungufu wake waweza kuharibu kumbukumbu ya mtu kwa kudumu. Kwa hivyo twasema kwa uwazi, tukiifuta kauli yetu ya kwanza: mtu anywaye kila siku naye hutetemeka asubuhi asifungiwe ndani wala asikatiwe ghafula nyumbani. Apelekwe kwa daktari kabla hajakata, akakate mbele ya daktari. Kuna waliotuuliza, je, kama hospitali iko mbali apewe tembo kidogo kidogo? Sisi hatumnyweshi mtu haramu na hali tiba ya halali ipo. Twasema gari la kwenda hospitali litafutwe kwanza, toba ya kukata ije na gari. Na siku hizo hana saumu juu yake. Mgonjwa amepewa ruhusa katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, naye atalipa akipona. Maji na chakula katika siku hizo ni sehemu ya dawa.

Baada ya hapo ziko dawa za kumsaidia asirudi. Disalfirami haikuvumbuliwa kwa ajili ya kazi hii, bali wataalamu wa Denmark waliigundua kazi yake hii kwa bahati katika miaka ya 1940: aliyeimeza akinywa pombe uso humwiva, moyo humwenda mbio na kichefuchefu humshika. Tumesikia wake na mama wanaotaka kumtilia mtu dawa hii katika mchuzi bila ya yeye kujua. Msifanye hivyo kabisa, kwani yaweza kumwua akinywa hali hana khabari. Naltreksoni nayo huipunguza ladha ya ulevi katika ubongo, lakini haipewi mtu atumiaye heroini au methadoni. Na kwa kuwa wengi huchanganya mambo haya, tukumbushe kuwa kliniki ya Kombani itoayo methadoni ni kwa ajili ya waraibu wa heroini na mfano wake. Methadoni si dawa ya tembo.

Basi je, tukisema ni maradhi, tumemwondolea mlevi dhambi? Hapa wanadarsa wetu waliwaka moto, na haki yao. Walisema: mkimwita mgonjwa, kesho atalala mangweni na kutwambia, "Niacheni, mimi mgonjwa." Twajibu kwamba mwenye kisukari naye ni mgonjwa, na haimwondolei jukumu la kuacha halua. Kikombe cha kwanza alikinyanyua kwa hiari yake, na hilo ni lake na Mola wake. Miaka kumi baadaye hiari yake imepungua, haikwisha. Na kile kilichobakia ndicho atakachoulizwa: je, ulipoonyeshwa mlango wa tiba uliingia? Kwetu sisi, ugonjwa haufuti taklifu yake, ila humwongezea wajibu mwingine, wa kutafuta dawa. Na huwaongezea jamaa zake wajibu wa kutomwacha.

Ama kutukana na kulaani, hizo si toba wala si tiba. Imamu Bukhari ametupokelea khabari ya mtu mmoja wa Madina, jina lake Abdullah, aliyekuwa akimchekesha Mtume (s.a.w.), naye alikuwa akiletwa mara kwa mara kwa kulewa na akipigwa. Mtu mmoja katika waliokuwapo akamlaani kwa wingi wa kuletwa kwake. Mtume akakataza asilaaniwe, akashuhudia kuwa mtu yule ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Zingatieni: adhabu haikuondoka, na mtu hakuondolewa katika udugu. Sisi tumegeuza. Adhabu hatunayo, na udugu ndio tunaoukata kwanza. Mlevi akiingia msikitini watu hukunja nguo zao.

Pia yuko mtaalamu William Miller, Mmarekani, aliyeandika mwaka 1983 juu ya namna ya kusema na mlevi: asisutwe, aulizwe, aachwe ataje kwa ulimi wake mwenyewe kile alichopoteza na kile akitakacho. Tulipoisoma njia hiyo tulimkumbuka yule kijana katika riwaya ya Imamu Ahmad aliyemjia Mtume kuomba ruhusa ya zinaa. Watu wakamkemea, Mtume akamkurubisha, akamwuliza kama angelipenda jambo hilo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake, mpaka kijana akajijibu mwenyewe. Wala msidhani kuwa wataalamu wa nafsi ni jambo geni katika Uislamu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyekufa mwaka 934, aliandika kitabu kimoja chenye sehemu mbili, moja ya siha ya mwili na moja ya siha ya nafsi, kwa kuwa aliona huwezi kutibu moja na kuiacha nyingine. Na katika zama zetu Profesa Malik Badri wa Sudan, aliyefariki mwaka 2021, alitoa mwaka 1976 kitabu juu ya Uislamu na ulevi. Aliuliza kwa nini Marekani ilipiga marufuku pombe mwaka 1920 kwa sheria, polisi na jela, ikashindwa na kuirudisha mwaka 1933, na hali mji wa Madina uliimwaga khamri njiani kwa siku moja. Ajuaye tarehe ya Qur'ani ajua kuwa siku ile moja ilitanguliwa na miaka: kwanza watu walielezwa kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake, kisha wakakatazwa kuikaribia Sala hali wamelewa, na Sala ni tano, basi mchana wote ukakosa nafasi ya kulewa, kisha ndipo iliposhuka katika Suratul Maida amri ya kuiepuka kabisa. Na walipoimwaga, waliimwaga pamoja, nyumba zote. Hakuna aliyeacha peke yake mtaani huku jirani zake wote wanywa.

Hilo la mwisho ndilo linalotufikisha kwetu Kwale.

Miongoni mwa Wamijikenda, kabla ya Uislamu kuenea, tembo lilikuwa na kazi. Lilikuwa katika mahari, katika matanga, katika kusuluhisha wagombanao. Asiyekunywa na wenziwe alikuwa kama mtu asiyeamkia. Ndugu zetu Wadigo waliingia Uislamu kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, na wakaacha mengi, lakini mnazi ulibaki shambani na mgema akabaki juu yake. Mwanachuoni wa Kiingereza David Parkin aliandika kitabu mwaka 1972 juu ya Wagiriama wa Kaloleni, huko upande wa Kilifi. Aliona vijana wenye kutaka kujikusanyia mali kwa biashara ya minazi wakiugua, waganga wakiwaambia kuwa wana pepo wa Kiislamu na hawatapona illa wasilimu. Wakasilimu, na kwa kusilimu wakapata njia ya heshima ya kukataa kikombe cha wazee bila ya kumkosea mtu. Habari za pepo sisi hatuziungi mkono, na msimamo wetu juu ya hayo wajulikana. Lakini tazameni haja iliyo chini yake: mtu hawezi kuacha kunywa mbele za watu wake mpaka apate neno la kukatalia ambalo watu wake watalikubali. Kijana wetu wa Msambweni, alipotoka hospitali, hakuwa na neno hilo. Kila apitapo aliitwa, "Njoo, bwana, cha kufungulia koo tu."

Tena mazoea nayo yana elimu yake. Ubongo hufunga pamoja kitu na saa yake. Aliyezoea kunywa alasiri, ikiadhiniwa alasiri koo lake hudai. Akipita njia ya mangwe miguu hupinda yenyewe. Akipata mshahara hutamani. Kumwambia "kaza moyo" haitoshi. Mbadilishieni njia, mpeni kazi ya saa ile, mtu mwingine ashike fedha zake kwa miezi ya mwanzo. Marekani, katika mji wa Akron, mwaka 1935, walevi wawili, mmoja wao daktari, waligundua kuwa mlevi hukaa bila ya kunywa akiwa na mlevi mwenziwe aliyeacha. Kutoka hapo ukazaliwa mkutano wa hatua 12 ulioenea duniani. Ndugu zetu Waislamu wa Baltimore waliuchukua mwaka 1989 wakauweka juu ya msingi wa tauhidi, wakauita Millati Islami. Sisi tuna jamaa mara tano kwa siku, na hatujaitumia kwa kazi hii.

Serikali nayo ina sehemu yake. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ambayo watu waliiita sheria ya Mututho, iliweka baa zisiuze siku za kazi kabla ya saa 11 za jioni wala baada ya saa 5 za usiku, na asiuziwe aliye chini ya miaka 18. NACADA ina simu isiyolipiwa, nambari 1192, na ina kituo cha tiba Miritini, Mombasa. Hayo ni mazuri na tuyatumie. Lakini mangwe la kichochoroni halisomi saa, nalo halikuanguka kutoka mbinguni. Lasimama juu ya minazi, na minazi ina wenyewe.

Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu linatuhusu sisi tunaosali safu ya mbele. Dada wa kijana ndiye aliyetufumbua macho. Siku tulipokwenda nyumbani kwao, akasema mbele ya baba yake, kwa adabu lakini bila ya kutafuna maneno: "Maalim, mmemwuliza kaka yangu anywa wapi. Muulizeni baba tembo latoka wapi." Mzee yule yule aliyetuuliza swali, mwenye ndevu nyeupe na asiyeonja tone, alikuwa amemkodisha mgema minazi yake, na mgema ndiye aliyelipeleka tembo katika mangwe ambalo mwanawe alishinda ndani yake. Kodi ile ndiyo iliyonunua chumba alichofungiwa kijana. Mzee hakuwa mnafiki. Alijiambia, kama wajiambiavyo wengi, "Mimi natoa mti tu, cha mgema ni cha mgema." Lakini fukaha wetu wamesema kuwa kumuuzia zabibu yule umjuaye kwa yakini kuwa atazifanya khamri ni haramu, na hatuoni tofauti ya zabibu na karara. Na hukumu hii haikomei kwa mzee mmoja. Twawajua wengine, na wao wajijua.

Wako watakaosema: na vijana wetu wanaopeleka vinywaji mezani katika hoteli za Diani, mbona hamuwataji? Hilo lina mlango wake, nao ni mgumu, kwani kijana hula kwa mshahara ule na mama yake hula. Lataka somo lake.

Mzee alituuliza afanye nini, kwa kuwa karara linalogemwa halizai, na mnazi ukiachwa leo hauna nazi kesho. Mnazi hutoa karara jipya karibu kila mwezi, na kutoka karara kufunguka mpaka nazi kukomaa hupita kiasi cha mwaka. Mwaka mzima bila ya kodi wala nazi si jambo jepesi kwa nyumba. Tukakaa nalo katika darsa. Watu sita wakajitolea kumkopesha mzee mkopo mwema bila ya ziada, wamlipie dukani mpaka nazi zitoke, na mgema, ambaye naye ana watoto, akapewa kazi ya kuangua na kufua kwa ujira. Alikubali baada ya kunung'unika kidogo, kwa kuwa, alisema, kotama lake halitazoea.

Kijana alikaa miezi mitano, kisha akaanguka. Wako waliosema, "Tuliwaambia." Madaktari walikuwa wametwambia mapema kuwa kuanguka mara moja au mbili ni jambo la kawaida katika maradhi haya, nalo si mwisho wa tiba, basi safari hii hakufungiwa mtu chumbani wala hakuitwa mganga. Dada yake alimpeleka kwa daktari asubuhi ile ile. Alipotoka, wanadarsa wawili walipeana zamu ya kukaa naye kutoka alasiri hata magharibi, saa ambayo koo lake lilikuwa likidai, na kazi waliyopewa ni kwenda naye shambani.

Makarara ya kwanza yaliachwa yafunguke mwishoni mwa mwaka ule wa 2022. Nazi ziliangushwa mwezi wa Disemba mwaka uliofuata. Hazikuwa nyingi, mia tatu na kitu, na nyingine ndogo. Kijana ndiye aliyezifua.